Sindano haimfanyi mwanamke kuwa tasa

Ndugu yangu, umeandika kwamba wanawake wa Kenya wanazaa watoto wachache siku hizi kwa sababu sindano na vijiti vya uzazi wa mpango vimewafanya tasa, nami naomba kukusahihisha kwa heshima. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8, na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha wastani wa 3.4, lakini upungufu huo umetokana na wasichana kukaa shuleni kwa muda mrefu, ndoa kuchelewa, na wanandoa kupanga wenyewe idadi ya watoto wanaowataka.

Hofu ya sindano ya miezi 3 ina chanzo chake. Baada ya dozi ya mwisho, mimba inaweza kuchelewa hata mwaka mzima, kwa hiyo dada ambaye kadi yake ya kliniki inaonyesha alichomwa mara ya mwisho mwezi wa Januari, na Oktoba imefika bila mimba, hulia usiku akidhani kwamba ameharibika. Hajaharibika. Kwa kitanzi au kijiti, uwezo wa kushika mimba hurudi mapema baada ya kutolewa.

Kinachoziba mirija ya uzazi, na hivyo kumzuia mwanamke kushika mimba, mara nyingi ni magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa kama kisonono au klamidia, nayo huweza kukaa mwilini bila dalili yoyote. Mume naye apimwe, kwa maana mbegu zake pia huweza kuwa na hitilafu, ingawa lawama huelekezwa kwa mke peke yake.