Kabla ya kuongeza toroli, pima njia panda

Mameneja wa viwanda huniuliza mara kwa mara: tunahitaji matoroli mangapi ya kujiendesha? Wengi huja na hesabu tayari. Mizigo 60 kwa saa, safari moja dakika 4, basi matoroli 4 yanatosha. Ingekuwa hivyo kama toroli lisingesafiri tupu wala kusubiri lenzake.

Anza na safari tupu. Tuseme toroli linatumia dakika 2.5 kuufuata mzigo mwingine. Mzunguko mzima ni dakika 6.5. Kanuni ya Little, iliyothibitishwa mwaka 1961, inasema idadi ya vilivyomo ndani ya mfumo ni kasi ya kuingia mara muda wa kukaa humo. Mzigo 1 kwa dakika mara dakika 6.5: matoroli 6.5 yako kazini muda wote. Yanunuliwe angalau 7.

Sasa njoo kwenye njia panda, maana hapo ndipo mifumo mingi niliyoikagua hukwama. Chukua moja inayopitisha toroli moja tu kwa wakati, kila pito likichukua sekunde 24. Kila mzunguko huipita mara mbili, kwa hiyo ni mapito 120 kwa saa, na njia panda iko kazini asilimia 80 ya muda. Kwenye ripoti utadhani nafasi bado ipo. Lakini matoroli hayafiki kwa zamu. Yakifika kwa kubahatisha, kama simu ambazo Erlang, mwanahisabati wa Denmark, alizipigia hesabu Copenhagen mwaka 1909, kila pito husubiri wastani wa sekunde 48. Mzunguko unafika dakika 8.1, na hata matoroli 8 hayatoshi.

Ongeza mizigo kwa asilimia 12.5 tu. Njia panda inafika asilimia 90, kusubiri kunaruka hadi sekunde 108, na sasa unahitaji matoroli zaidi ya 11! Wengi hukimbilia kununua. Mimi husema: kwanza shughulikia zile sekunde 24. Kona ikipanuliwa au kasi ikirekebishwa pito likawa sekunde 18, mzigo uleule ulioongezeka unabebwa na matoroli 8. Sijui uwekezaji mwingine kiwandani unaolipa hivi.

Modeli hii huzidisha foleni kidogo, kwa kuwa matoroli yana idadi maalumu na yaliyokwama hayaleti foleni mpya. Kwa uamuzi wa mwisho tumia uigaji wa kompyuta, ila usianze nao: utapata majibu mengi bila kujua sekunde zipi ndizo zinazokubana.

Kuchaji huwekwa mwishoni. Toroli likikaa kwenye chaja asilimia 15 ya muda, gawanya idadi kwa 0.85. Yale 8 yanakuwa 10.