Maswali yenu: Detroit Pistons walipakwa matope?

SWALI: Nimewajua Detroit Pistons, timu ya mpira wa kikapu ya Marekani ya enzi za Isiah Thomas, kupitia vipande vya video na ile filamu ya mfululizo ya mwaka 2020 kuhusu Michael Jordan. Kila mara naona wanaangusha watu, kisha wanatoka uwanjani bila kutoa mkono. Walikuwa wahuni kweli, au ni vyombo vya habari? Nitapimaje? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Rafu zilikuwepo. Wachezaji wao Bill Laimbeer na Rick Mahorn walicheza kwa ubabe na hawakuficha. Jina la “Bad Boys”, yaani watukutu, walilivaa wenyewe, na NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ikauza kanda ya video ya msimu wao kwa jina hilohilo. Lakini timu hiyo ilibeba ubingwa wa 1989 na 1990, na ubingwa hauletwi na viwiko peke yake. Tatizo liko kwenye kilichokatwa katika vipande hivyo vya video.

Chukua “Kanuni za Jordan” za kocha wao Chuck Daly. Wengi wanazikumbuka kwa neno moja: mpigeni. Alivyozieleza Daly, ulikuwa mpango kamili wa kukaba. Jordan akiwa na mpira katikati, msukumie kushoto, mwenzako aje kusaidia. Akiwa pembeni kushoto, wawili wamvae papo hapo. Pembeni kulia, wawili vilevile, ila wamsogelee taratibu. Akipokea karibu na kikapu, msaidizi awe mchezaji mrefu. Mwisho kabisa: akikupita, mgonge. Hicho cha mwisho ndicho kilichobaki midomoni, kwa sababu kinaonekana vizuri kwenye video ya sekunde tano. Video ya mtu akisukumiwa kushoto hakuna anayeirudia.

Kutoka uwanjani je? Ilikuwa tarehe 27 Mei 1991, zikiwa zimebaki sekunde 7.9, Chicago Bulls, timu ya Jordan, wakiwafunga mechi ya nne mfululizo. Pistons walikosea, nasi hatuwatetei. Ila mchezaji wao Joe Dumars aliwapa Bulls mkono, na hilo hukatwa mara nyingi. Mwaka 1988 wachezaji kadhaa wa Boston Celtics nao waliondoka kabla ya muda kwisha walipotolewa na Pistons hao hao. Kisa chao hakirushwi hata robo ya hiki.

Kupima, tafuta mechi nzima. Rudi dakika mbili kabla ya tukio uone nani alianza, na zima sauti ya mtangazaji. Usihukumu kwa marudio ya mwendo wa polepole: mgongano wa kawaida huonekana wa kusudi. Kisha fungua takwimu uhesabu faulo za pande zote mbili. Angalia pia anayehojiwa anaongea mwaka gani. Katika filamu ile, mmoja wa wanaowasimulia Pistons ni Jordan, mpinzani wao, karibu miaka 30 baadaye.

Anza na mechi ya tano ya fainali ya 1990 dhidi ya Portland: Vinnie Johnson wa Pistons anafunga ikiwa imebaki sekunde 0.7, Pistons wanashinda 92-90.