Kukaanga nyama ipate rangi kwenye sufuria ya enameli

Ndugu, sufuria yako nzito ya chuma yenye enameli (utando mgumu kama kioo) inafaa kabisa kukaangia nyama ya mchuzi, ila usiipashe tupu kwenye moto mkali. Chuma na enameli havitanuki sawa, ndipo nyufa huanza. Tia mafuta vijiko 2 vya chakula, moto wa wastani, dakika 3 hadi 5. Yakitoa moshi, punguza moto.

Futa nyama ikauke kabisa, la sivyo itachemka badala ya kupata rangi. Panga vipande kwa nafasi. Kikinata, usikibandue kwa nguvu; kikishaiva upande huo kitaachia chenyewe. Mwiko uwe wa mbao.

Ukiongeza maji, yawe ya moto. Ya baridi huweza kubandua enameli hata kwenye sufuria ya bei ghali.