Darubini ya kulindia shamba: tafuta mwanga, usitafute namba kubwa

Ndugu yetu wa Sabaki ameuliza afunge darubini gani kwenye bunduki ili awapige nyani na ngiri wanaommalizia mahindi, na siku nyingine aende nayo kulenga shabaha. Amesema pia kwamba viboko hutoka mtoni jua likizama, na asubuhi yeye hukuta nyayo tu. Nimesoma majibu yote, na wengi wanamtajia namba za kukuza: mara 20, 30, hata 50. Naomba nijibu kwa urefu, maana shamba la marehemu baba liko hukohuko ng'ambo ya daraja la Sabaki, na kazi yangu ya kila siku ni mashua hapa Malindi. Darubini haitoki shingoni mwangu.

La bunduki nilimalize kwanza. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuufungua. Nyani hata akiwa katikati ya mahindi yako ni mnyamapori, na leseni ya bunduki peke yake haikupi ruhusa ya kumuua. Hayo ni ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Najua inavyouma kulima miezi mitatu kisha kundi likavuna kwa asubuhi moja, yamenipata. Lakini sitakuelekeza kwenye kesi.

Kulenga shabaha uwanjani, kwa mwenye kibali, ni jambo jingine. Hapo nitasema machache. Darubini ya bunduki iliyoandikwa 3-9x40 inakuza kuanzia mara 3 hadi mara 9, na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 40. Angalia imepangiwa umbali gani: nyingi za bunduki kubwa hupangwa kiwandani kwa yadi 100, na za bunduki ndogo za risasi ya .22 kwa yadi 50 hivi. Ukiitumia ya yadi 100 kwa shabaha iliyo karibu mno, ukisogeza jicho kidogo utaona msalaba wa kulengea nao unatembea juu ya shabaha, na risasi haitakwenda ulikodhani. Kila mlio wa kirekebishi, kile kitufe cha kuusogeza msalaba, kwa zile za kawaida, huhamisha pigo kama milimita 7 kwa mita 100. Na kama unataka kuona tundu la .22 kwenye karatasi ukiwa mita 100, hiyo ni kazi ya darubini ya jicho moja inayosimama kwenye miguu mitatu, ya kukuza mara 20 na kuendelea. Ya mkononi haitakuonyesha.

Sasa shamba. Unachohitaji ni darubini ya mkononi, ya macho mawili, na hapa ndipo pesa za watu zinapopotea, zangu zikiwa za kwanza.

Darubini yangu ya kwanza niliinunua kwenye duka moja mjini kwa shilingi 3,500. Imeandikwa 30x60 kwa maandishi ya dhahabu. Mchana nikiwa barazani niliona fahari: namwona mtu wa ng'ambo ya barabara kama amesimama mbele yangu. Jioni nikapanda nayo dunguni. Jua lilipozama nikaielekeza mtoni nikaona weusi mtupu, na weusi wenyewe unacheza kama taa ya chemni penye upepo. Nikiishusha, kwa macho yangu matupu nauona ukingo wa mto vizuri zaidi. Usiku ule viboko walipita chini ya dungu, nikawasikia wakitafuna, sikuona hata mgongo mmoja. Baadaye nikachukua rula nikapima kioo cha mbele kilichoandikwa 60. Hakikufika hata milimita 35.

Jambo ninalotaka ulishike ni hesabu hii ndogo. Chukua upana wa kioo cha mbele, gawa kwa idadi ya mara inazokuza. Jibu ni upana wa mwanga unaoingia jichoni mwako. 8x42 inakupa milimita 5 na ushei. 7x50 inakupa 7. 10x25, zile ndogo za mfukoni, inakupa 2.5. Mchana wa jua kali mboni ya jicho imejifinya, hata 2.5 inatosha, ndiyo maana dukani zote zinaonekana nzuri. Magharibi mboni inafunguka. Ya kijana inaweza kufika milimita 7. Ya mtu wa makamo kama mimi inaishia 5 hivi. Darubini ikileta 2.5 wakati jicho linaomba 5, umelinyima, na hapo ndipo giza linapoanzia. Kwetu huku karibu na ikweta magharibi yenyewe ni fupi: tangu jua kuzama mpaka giza ni kama dakika 20 tu, na kiboko hutoka majini ndani ya dakika hizohizo. Darubini isiyokupa dakika 20 hizo haikufai shambani, ikuze iwezavyo.

Kukuza mara 8 kunatosha, usione ni kidogo. Kiboko aliye mita 400 unamwona kana kwamba yuko mita 50. Kwa mita 50 unahesabu ndama wake, unaona ametokea kwenye matete gani. Ukipanda hadi mara 10 mtikisiko wa mkono unaanza kuonekana ndani ya picha, na kupita 12 bila miguu mitatu unatazama mtetemeko wa mapigo yako mwenyewe. Tena kadiri inavyokuza ndivyo eneo unaloliona linavyokuwa jembamba. Nyani hawaji kwa mstari. Mmoja anakaa juu ya mkuyu akiangalia, wenzake wanapitia bondeni. Kwa 8x42 nzuri, kwa umbali wa mita 1,000 unaona upana wa mita 130 hivi kwa mkupuo mmoja. Mlinzi wao na wezi wao unawapata pamoja. Kwa ile 30x60 yangu nilikuwa natafuta mti kwanza, kisha tawi, na nikimpata nyani wenzake wameshaingia mahindini.

Baharini hesabu ni ileile ila chombo kinayumba. Kwenye mashua natumia 7x50, nzito kidogo, na sitaibadilisha. Wakati wa kusi, kuanzia Julai, nyangumi wanapopita nje ya Watamu na Malindi, ni pumzi yao unayoitafuta kwenye mawimbi, mstari mweupe unaokaa sekunde chache. Mwenye ya kukuza mara 12 bado anatafuta upeo uko wapi. Vivyo hivyo kwa ndege wanaozunguka juu ya jodari.

Ukifika dukani, usiitazamie ndani. Toka nayo nje, na ukiweza nenda jioni. Mimi hufanya hivi: naishika mbali na uso kwa urefu wa mkono, nikiielekeza kwenye anga nyeupe, si kwenye jua, jua litakuharibia macho moja kwa moja. Kwenye vioo vya nyuma utaona viduara viwili vya mwanga. Viwe mviringo kamili na vyeupe mpaka ukingoni. Vikiwa na pembe kama vimekatwa, na vivuli vya kijivu pembeni, vioo vya ndani ni vya daraja la chini. Za kioo cha BaK-4 kwa kawaida hutoa mviringo safi. Pima viduara kwa rula, uone kama vinakubaliana na namba zilizoandikwa. Kisha inamisha vioo vya mbele chini ya taa: taa ikionekana imefifia, ya kijani au zambarau, vimepakwa dawa ya kupunguza mng'ao vizuri. Ikionekana nyeupe kama kwenye dirisha, havikupakwa, na kila uso wa kioo kisichopakwa hupoteza karibu asilimia 4 ya mwanga, nazo nyuso ndani ya darubini ni nyingi. Zile zenye vioo vyekundu vinavyowaka kama macho ya paka ziache hapohapo.

Halafu tazama kitu chembamba kilicho mbali, mlingoti wa simu au ncha ya mnara wa msikiti. Kwanza irekebishe: fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka la kushoto lione sawa, kisha fumba la kushoto, zungusha pete ya upande wa kulia. Wengi hawajui pete ile ni ya nini, wanalaumu darubini kumbe ni macho yao yanayotofautiana. Baada ya hapo ukiona mlingoti ni miwili, au baada ya dakika tano kichwa kinagonga, mirija haiko sambamba. Usikubali kuambiwa utazoea. Anayevaa miwani aulize kama picha inaonekana nzima jicho likiwa nyuma ya kioo kwa milimita 15 au zaidi.

Kilichobaki ni pwani yetu yenyewe, nayo inaua darubini kuliko nyani anavyoua shamba. Yangu ya pili, 8x42 nzuri kabisa, niliipoteza kwa ujinga. Nilikuwa naifungia kwenye mfuko wake wa ngozi, kabatini, ikiwa na jasho na unyevu wa bahari. Msimu mmoja wa mvua nikaitoa nikaona ndani ya kioo nyuzi kama utando wa buibui. Ni kuvu, na wakishakula ile dawa ya kioo hakuna wa kuirudisha. Nunua iliyozibwa maji isiingie na kujazwa naitrojeni ndani, uiweke kwenye sanduku la plastiki lenye vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja na viatu vipya, uvibadilishe mara kwa mara. Chumvi nayo usiifute kwa pembe ya leso wala fulana. Chembe zake zinakwaruza. Mwagia maji baridi yasiyo na chumvi kwanza, yakimaliza kuondoa chembe ndipo ufute kwa kitambaa laini. Ni za kuzibwa tu zinazomwagiwa maji. Hizo nyingine pulizia.

Kama pesa ni ya moja tu na ni ya shamba, chukua 8x42. Ukipata 7x50 ya mitumba iliyotoka kwenye chombo, ile ya mabega mapana ya zamani, ikapita majaribio niliyokueleza, usiiache. Macho yako yakiwa ya ujana ndiyo itakayokuonyesha zaidi magharibi.

Panda dunguni mapema, saa kumi na moja na nusu, wala usishuke kiboko akiwa nje, hata ukimwona yuko mbali. Mimi niliandika kwenye daftari kwa wiki tatu: saa, wangapi, wametokea kwenye matete yapi, nyani wamelala mti upi. Askari wa KWS walipokuja sikuwaambia tu shamba limeliwa, niliwapeleka mpaka kwenye njia. Viboko wote walikuwa wanapandia sehemu moja ya ukingo, upana wake hauzidi hatua 12, na sisi miaka yote tulikuwa tunaweka miiba na moto upande wa pili.