Ukiombwa kufundisha sande skuli, soma hii kwanza

Kama umeombwa kusaidia darasa la watoto kanisani na bado unawaza, mi nakwambia kubali, ila kubali ukijua unachokubali, maana wengi wanaingia na moto alafu baada ya muda hawaonekani na watoto ndo wanaobaki wanauliza mwalimu yuko wapi. Omba zamu unayoiweza. Ukiweza Jumapili mbili kwa mwezi sema mbili, na ile ambayo haupo waambie watoto mapema nani atakuja.

Kingine, shika majina. Kuna mtoto utamkuta haimbi, hapigi makofi, amekaa kule pembeni ameng'ata kola ya shati, na watu watakwambia huyo ni mgumu. Sio mgumu, hajakuzoea tu. Usimvute mbele. Mwite jina lake, mpe kazi ya kugawa penseli za rangi, basi, uendelee na kipindi. Wa hivyo nimewafundisha wengi na mara nyingi ndo hao baadae wanakuwahi mlangoni.

Sasa kwenye somo lenyewe. Anza kulisoma katikati ya wiki, sio Jumapili asubuhi ukiwa njiani, ili ukifika uwasimulie huku unawaangalia machoni, maana ukiinamia kitabu umewapoteza. Mfano Zakayo, yule mtoza ushuru mfupi aliyepanda mkuyu ili amuone Yesu akipita, Luka 19. Mimi huwa namsimamisha mtoto mfupi kwenye benchi, namshika mkono asianguke, benchi ndo mkuyu, wengine wote wanakuwa umati unaoziba njia na hiyo kazi wanaipenda kweli. Alafu nauliza, ungekuwa wewe uko juu ya mti unasikia jina lako linaitwa mbele ya watu wote, ungejisikiaje? Hapo nyamaza. Usijaze ule ukimya, wasubiri. Kuna siku tulifika pale Zakayo anaposema aliowadhulumu atawarudishia mara nne, mtoto mmoja akauliza kwa hiyo mimi nikichukua penseli ya mtu narudisha nne? Sikuwa nimepanga kufundisha hilo ila somo lote la siku ile lilikuwa hapo, tukabaki nalo mpaka muda ukaisha. Somo moja linatosha jamani, usiwarundikie.

Mkiwa walimu wa kutosha gaweni rika. Wa miaka minne na wa kumi na moja hawawezi kukaa darasa moja, wadogo wanataka kuimba na kuruka, wakubwa wanataka kubishana.

Na mstari wa kukariri, usimsimamishe mtoto asome kwa sauti kama hujui anasoma vipi. Robert Raikes alivyoanzisha sande skuli yake kule Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, watoto wengi walikuwa wanashinda kazini wiki nzima, kwa hiyo Jumapili ndo wakafundishwa kusoma. Yani darasa hili toka zamani ni la yule asiyejua, asije akaaibishwa humo humo. Semeni wote kwa pamoja, mara kadhaa, utashangaa wanavyoshika.

Maswali magumu yatakuja. Mtoto atakuuliza kwa nini bibi alikufa na tulimuombea. Tafadhali usimjibu Mungu alimpenda zaidi akamchukua, maana atakwenda nyumbani anaogopa kwamba mama naye anapendwa na Mungu. Mwambie hata wewe hujui yote, mwambie Yesu alilia kwenye msiba wa Lazaro, ipo Yohana 11, kwa hiyo na yeye akilia sio vibaya. Alafu baada ya ibada mtafute mzazi wake umwambie mtoto ameuliza nini.

La usalama naliweka mwisho ila kwangu ni la lazima. Muwe watu wazima wawili muda wote, mlango wazi, hata kama mnafahamiana miaka na miaka. Viboko hapana. Kabla ya kugawa chochote cha kula waulize wazazi nani ana aleji. Mtoto akabidhiwe kwa aliyemleta au mtu ambaye mzazi amemtaja, sio jirani tu aliyesema tunaenda njia moja. Na mtoto akikuambia jambo la kutisha linalompata, nyumbani au popote, msikilize amalize, usimhoji kama polisi, usimuahidi kwamba itakuwa siri yenu, mwambie amefanya vizuri kusema, na siku hiyohiyo lifikishe kwa anayehusika na ulinzi wa watoto, hata kama anayetajwa ni mtu anayeheshimika kanisani.