Kipimo cha aleji kimepanda, je, moyo wangu uko salama?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina miaka 54, nauza kamba na samaki hapa Tanga. Nikimenya kamba mikono inawasha mpaka viwiko, lakini maziwa nakunywa tangu utotoni na hayajawahi kunidhuru. Mwezi jana nilipimwa damu kwa ajili ya huo muwasho, karatasi ikaandikwa IgE 812 na nyota mbili pembeni. Mwanangu amesoma kwamba wenye kingamwili za aleji ya maziwa hufa kwa ugonjwa wa moyo. Tangu siku hiyo nakunywa chai ya rangi, na usiku silali, nausikiliza moyo unavyodunda. Nifanyeje? Presha ninayo, ila dawa nameza nikisikia kichwa kinauma. – Mama Kamba, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Mwanao hakukudanganya, ila habari aliyoisoma na karatasi yako ni vitu viwili tofauti.

Hiyo 812 ni jumla ya kingamwili zote za aina ya IgE. Ni sawa na kuhesabu mitumbwi iliyopaki ufukweni bila kuuliza upi umebeba pweza na upi umebeba dagaa. Mara nyingi tunataka isizidi 100 hivi, lakini huku kwetu minyoo na kichocho huipandisha mpaka mamia, hata maelfu, na mtu hana aleji yoyote. Nyota mbili zinaonyesha namba imepita kiwango. Maziwa hayajatajwa popote hapo.

Utafiti wenyewe ulitolewa Marekani mwishoni mwa 2023. Watu wazima 4,414, ambao kipimo chao kilitokana na damu iliyotolewa 2005 na 2006, walifuatiliwa kwa miaka. Waliokufa kwa maradhi ya moyo na mishipa walikuwa 229. Wenye IgE ya vyakula walikufa zaidi, na wale wenye IgE ya maziwa hatari yao ilikaribia mara mbili. Jambo lililonishangaza ni kwamba wengi wao walikuwa wakila vyakula hivyo bila hata kujikuna. Kabla ya hapo, mwaka 2018, watafiti wa Virginia waliwapima watu 118 na kukuta wenye kingamwili dhidi ya sukari iliyomo kwenye nyama nyekundu, kingamwili ambayo mtu huipata kwa kuumwa na kupe, wana mafuta mengi zaidi kwenye kuta za mishipa ya moyo.

Inawezekanaje? Kwenye kuta za mishipa inayoulisha moyo zipo seli za masti, zilezile zinazokuwasha mikono. IgE hukaa juu yake ikisubiri. Ikikutana na kitu chake, seli humwaga histamini na kemikali nyingine, na ukuta wa mshipa unavimba. Watafiti wanahisi kwamba hali hiyo ikijirudia kidogo kidogo kwa miaka, mafuta hupata pa kushika. Lakini hakuna aliyethibitisha kwamba kuacha maziwa kunaokoa moyo.

Ikitokea kwa ghafla, hilo nimeliona kwa macho yangu. Nikiwa hospitali ya wilaya aliletwa kijana aliyeumwa na nyuki, kope zimevimba macho yamefumba, mwili mzima vipele, na kiganja amekikandamiza kifuani. Nilidhani anabanwa pumzi. Karatasi ya umeme wa moyo ikatoka na mistari ya mzee mwenye shambulio la moyo! Hali hiyo inaitwa Kounis, kwa jina la daktari Mgiriki aliyeieleza mwaka 1991. Alipona. Kwa hiyo mama, siku ukitoka vipele na kifua kikabana pamoja, usimeze piritoni ukalala. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Sasa nije kwenye lile ulilolitupa mwishoni mwa barua, maana ndilo lililoninyima usingizi mimi. Presha haipigi hodi kichwani. Inaweza kuwa 180 na wewe unapima kamba huku unacheka. Dawa ya presha ni ya kila siku, kichwa kiume kisiume. Na ukienda kliniki waambie una muwasho wa kamba, kwa sababu dawa za presha jamii ya atenolol zinaweza kuifanya sindano ya adrenalini isifanye kazi vizuri mtu akipatwa na aleji kali.

Hapohapo omba wapime choo kuangalia minyoo, na damu kuangalia sukari na mafuta. Kama hospitali ina kipimo cha IgE ya kamba peke yake, kifanye, na mpaka majibu yatoke menya umevaa glovu na usiwale. Chai ya maziwa rudia, ila vijiko vya sukari uvipunguze. Ukishameza dawa wiki nne mfululizo bila kuruka, niandikie presha imesoma ngapi, namba zote mbili, ya juu na ya chini.