Re: Wakazi wamepima presha mara moja, hawarudi tena

Habari mkuu. Umesema wakazi wa Manzese walijaa siku ya kwanza kupima presha, kikao cha pili wakaja kina mama wachache tu, mwanaume hakuja hata mmoja. Mimi yalinikuta Tandale.

Angalia kwanza hili: majibu mliwarudishia? Sisi hatukurudisha. Mama mmoja akaniambia, "Mmechukua namba zetu mkaondoka nazo." Iliniuma, maana alisema kweli. Tukarudi nyumba kwa nyumba tukiwa na mjumbe, kila mtu akapewa kadi yake. Aliyefika 140/90, yaani presha ya juu, tulimpima tena siku nyingine ndipo tukamwelekeza zahanati.

Wanaume usiwaite saa nne asubuhi, wapo kwenye mihangaiko. Wafuate kijiweni jioni. Ila kikombe cha kahawa kikiisha subiri nusu saa, kisha mtu akae ametulia dakika 5, la sivyo namba zitakudanganya.

Na lile dodoso lenu, ile karatasi ya maswali kwa wakazi, mlilitunga na nani? Sisi tulikwenda na maswali ya ulaji wa chumvi, wenyeji wakataka kujua kwa nini watu wanaacha dawa wakijisikia nafuu. Tulipolishika swali lao, mama lishe wawili wakajitolea kuwa wadadisi, yaani wa kuwauliza wenzao maswali, na vikao vikajaa.